Siku moja na nusu Mji wa Kale wa Mombasa: namna ya kuipanga

Ijumaa moja niliwapokea wageni watatu kutoka Kisumu, na ilipofika saa sita mchana nikawapeleka Biashara Street kununua leso. Tulikuta milango inashushwa. Wenye maduka walikuwa wameshavaa kanzu, mafundi wamefunika cherehani zao, na njia nzima inaelekea msikitini. Tukageukia chakula, mpishi naye alikuwa safuni. Gari lao la kwenda Malindi lilikuwa saa tisa. Waliondoka wameuona Mji wa Kale ukiwa umefumba macho, na kosa lilikuwa langu mimi mwenyeji: nilipanga mahali, sikupanga saa.

Tangu siku ile, mgeni akiniambia anakuja, naanza na saa. Mji wa Kale ni mdogo, hekta 72 hivi, umekaa ukingo wa mashariki wa kisiwa ukitazamana na Nyali. Lakini ndani ya kipande hicho wamo Waswahili wa Thenashara Taifa, yaani zile taifa kumi na mbili za Mombasa, Washihiri waliotoka Hadhramaut, Wabaluchi ambao babu zao walikuja kama askari wa sultani, Mabohora ambao ni Waislamu wa Kihindi, Wajaini na Mabaniani, Wagoa, Wabajuni, Wabarawa, Wangazija, na Wamijikenda wanaoingia kila alfajiri na mzigo wa soko. Kila watu wana saa yao ya kufungua mlango, saa ya kufunga, na saa ambayo mgeni anakaribishwa. Ukizijua saa hizo, siku moja na nusu inatosha kabisa kwa safari ya kwanza.

Chagua siku kabla ya kuchagua hoteli

Ninapenda mgeni afike Jumamosi asubuhi na kuondoka Jumapili jioni. Jumamosi maduka na soko viko wazi, na Jumapili, maduka mengi ya Biashara Street yakiwa yamefungwa, vichochoro huwa shwari na ngome ya Fort Jesus iko wazi kama kawaida. Siku yoyote ya katikati ya wiki inafaa vilevile. Ukilazimika kuja Ijumaa, ihesabu saa sita hadi saa nane mchana kuwa si yako: nenda ukale mapema, au ujipumzishe chumbani.

Hali ya hewa nayo ina neno. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, jua kali na unyevu unaokaa mwilini. Mtu asiyezoea pwani huchoka kabla ya saa nne asubuhi. Mvua kubwa ya masika, ambayo wenyeji wengine huiita mwaka, hushika zaidi Aprili na Mei, na vichochoro hujaa maji. Julai hadi Septemba upepo wa kusi unapoza, nami humshauri mwenye watoto au wazee aje miezi hiyo.

Ramadhani nataka niiseme peke yake, kwa sababu wengi huikwepa bila sababu. Mchana vyakula vya mitaani havipo na watu wamepunguza mwendo. Ila jua likishatua, mji unafunguka upya: karai za mafuta zinawekwa vibarazani, watoto wanatumwa na sahani kutoka nyumba hii hadi ile, na baada ya tarawehe watu hutembea hadi usiku wa manane. Ukija mwezi huo, lala mchana, tembea usiku, na usile wala kunywa njiani kabla ya magharibi. Kumbuka kwamba mwezi huo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo angalia kalenda upya. Sikukuu yenyewe ya Idi, kama huna jamaa wa kumtembelea, usije. Kila mtu yuko kwao.

Kufika

Wanaotoka Nairobi kwa treni ya SGR wajue kwamba kituo kiko Miritini, bara, na si mjini. Kutoka pale kuna matatu na teksi, na njia hupita Changamwe, ambako foleni ya malori ya bandarini haina ahadi. Uwanja wa ndege nao uko bara upande huohuo. Wanaotoka Dar es Salaam au Tanga kwa basi huingia kupitia Lungalunga na kuvuka kwa feri ya Likoni. Waliolala Diani nao wanavuka hapohapo, na ndio maana sikubaliani na ile safari ya "tutapita Mji wa Kale kwa muda wa saa mbili halafu turudi ufukweni". Nusu ya saa hizo utazimaliza ukisubiri feri.

Ukishafika kisiwani, magari yamekwisha kazi. Vichochoro vingi havipitiki kwa gari, na tuktuk itakufikisha ukingoni tu. Kwa hiyo tafuta pa kulala mahali ambapo unaweza kurudi kwa miguu, ama ndani ya Mji wa Kale wenyewe au karibu na Digo Road. Omba chumba cha juu chenye dirisha la upepo. Utaamshwa na adhana kabla ya kupambazuka, misikiti kadhaa kwa pamoja. Mpango wangu wa asubuhi unategemea uamke wakati huo, kwa hiyo usiihesabu kuwa usumbufu.

Vitu vya kubeba ni vichache: kitambulisho (raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, na asiye na kitambulisho hana ushahidi), simu yenye M-Pesa, noti ndogondogo za kununulia kahawa na viazi, chupa ya maji, na viatu vinavyovulika kwa urahisi maana utavivua mara nyingi. Nguo zifunike mabega na magoti, kwa mwanamke na kwa mwanamume pia. Hakuna atakayekulazimisha kuvaa buibui. Lakini kuna watu wanaishi kwenye nyumba hizi, na kupita mlangoni kwa mtu na nguo ya kuogelea ni kumdharau.

Alasiri ya kwanza: Marikiti, kisha leso

Anza saa tisa u nusu, jua likianza kulegea, kwenye soko la Digo Road ambalo kila mtu analiita Marikiti. Mbele ni matunda na mboga. Nenda nyuma na pembeni, kwenye maduka ya viungo, na usinunue kitu kwenye duka la kwanza. Simama unuse. Iliki nzuri ina ganda la kijani lililobana. Ikipauka na kufunguka, harufu imeshakwenda. Mdalasini uchukue wa vijiti, kwa kuwa uliosagwa huwezi kujua umechanganywa na nini. Pilau masala kila duka lina yake, na mwenye duka akiona unauliza kwa kutaka kujua, atakueleza ya kwao ina nini ambacho ya jirani haina. Bei hupunguzwa kwa mazungumzo na heshima. Ukianza na salamu, "masalkheri ami", na kuulizana hali, umeshapata nusu ya punguzo.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi Biashara Street. Hapa ndipo ninapotaka mgeni atumie muda, hata mwanamume ambaye anadhani leso hazimhusu. Neno leso lilitoka kwa Wareno, kwa kitambaa chao cha mkononi, na leso ya Mombasa ndiyo khanga ya Tanzania. Ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na ina jina, yaani ule usemi ulioandikwa chini. Chapa maarufu ya Mali ya Abdulla ilitoka katika mtaa huu, kwa duka lililoanza mwaka 1887.

Kununua leso kuna hatua zake. Kwanza soma jina kabla ya kupenda rangi. Leso inasema, na anayepewa atasoma. Leso ya "Hasidi hana sababu" usimpelekee mamamkwe. Pili, shika kitambaa: pamba hunywa jasho, ile inayoteleza na kung'aa sana itakutesa. Tatu, leso huuzwa jozi ikiwa haijatenganishwa. Mpe fundi wa cherehani pale nje aikate na kuipinda, kazi ya dakika chache na malipo madogo. Nne, ifungue uitumie leo hii. Leso moja itakuwa ushungi wako, itakuwa shuka la kufunika magoti, na itabeba viungo vyako vya Marikiti. Ndiyo sababu ninaiweka mwanzoni mwa safari.

Ukiwa na leso begani, shuka Langoni Road kuelekea Mji wa Kale. Utapita hekalu la Wajaini, jeupe, la marumaru, lililojengwa mwaka 1963. Muulize mlinzi kama wageni wanaruhusiwa kwa saa hiyo. Ukikubaliwa, viatu unaviacha nje, na kitu chochote cha ngozi hakiingii: mkanda, pochi, hata kamba ya saa. Wajaini hawaui kiumbe, na ngozi ni kiumbe aliyeuawa. Nimewaona wageni wakinung'unika kwa kuvua mkanda. Mimi huwaambia huko ndiko kutembelea kwenyewe: kwa dakika kumi unaishi kwa sheria ya mwenye nyumba.

Usiku ni wa kula

Magharibi ikishaswaliwa, watu hutoka. Wewe tembea polepole sehemu za Kibokoni na Makadara, ukitafuta karai na makaa.

Usiketi mkahawani ukaagiza sahani moja kubwa. Kula kidogokidogo. Anza na viazi vya karai, vilivyovikwa unga wa dengu wenye manjano na kukaangwa, uvichovye kwenye ukwaju. Kisha bhajia. Kisha mshakiki, pamoja na mkate wa mofa ukiupata wa moto. Kisha kaimati zilizopikwa shira. Karai na unga wa dengu vina Bara Hindi ndani yake, mofa imekuja na watu wa Barawa na pwani ya kaskazini, halua utakayomalizia nayo ni ya Waomani, na nazi iliyomo karibu kila chungu ni ya hapahapa. Ukishiba utakuwa umeshaizunguka Bahari ya Hindi, wala hukuhitaji mtu wa kukueleza.

Maliza na kahawa tungu. Muuzaji ana dele la shaba juu ya makaa na vikombe visivyo na masikio. Sema tu, "Ami, kahawa mbili," naye atakuuliza kama unataka ya tangawizi. Haitiwi sukari, utamu ni ule wa kashata au halua mkononi. Kaa. Barazani pa kahawa ndipo habari za mji zinapopita: nani amefiwa, timu gani imefungwa, siasa. Msikilize mzee akizungumza utajua Kimvita ni kitu gani: njia ni ndia, njaa ni ndaa, macho ni mato, chini ni tini. Usimsahihishe mtu. Muyaka bin Haji alitunga kwa lugha hii zama za utawala wa ukoo wa Mazrui, kabla ya mtu yeyote kufikiria Kiswahili sanifu.

Kurudi, pitia njia zenye watu na taa. Kichochoro chenye giza kiache hadi asubuhi, na simu iwe mfukoni.

Asubuhi: toka kabla ya jua kukolea

Saa kumi na mbili na nusu uwe umeshatoka. Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wageni wengi wanayoikosa. Mwanga unaingia kwa ubavu na kugonga roshani za mbao, zile zilizotobolewa kama darizi, ambazo nyingi zilichongwa na mafundi wa Kihindi. Wanaotoka sala ya alfajiri wanasalimiana, wanawake wa Kibohora wanapita na rida, vazi lao, za rangi, watoto wanatumwa mahamri.

Mahamri ndiyo kiamshakinywa. Tafuta mlango wenye watu wamesimama na vyombo mkononi, ununue mahamri ya moto na mbaazi za nazi, ule hapohapo.

Anzia Forodhani, bandari ya zamani, ambako majahazi yaliingia na pepo za kaskazi kwa karne nyingi. Kwenye soko la samaki uliza kwanza kama kupiga picha kunaruhusiwa. Karibu yake kuna ngazi za Leven, zinazoteremka hadi majini. Jina lake limetokana na meli ya Kapteni Owen wa Uingereza, aliyetangaza ulinzi juu ya Mombasa mwaka 1824, ulinzi uliodumu miaka miwili tu. Kisha fuata barabara ya Mbarak Hinawy kuelekea kusini hadi msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa wa mwaka 1570 hivi, na mnara wake mweupe ulionyooka kama koni. Asiye Mwislamu anautazama kwa nje, isipokuwa amekaribishwa.

Picha za milango piga utakavyo. Za watu, omba. Mgeni wangu mmoja alimwinulia simu mama aliyekuwa amekaa kibarazani akichambua mchele. Mama aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango, na kichochoro kizima kikanyamaza. Kesho yake nilikwenda kumtaka radhi. "Mwanangu," akaniambia, "angepiga hodi ningempa na chai." Basi piga hodi. Salamu ya "asalamu aleikum" inaitikiwa na kila mtu, na "shikamoo" kwa mzee haijawahi kumharibia mtu safari.

Ngomeni

Ngome ya Fort Jesus, wenyeji husema Ngomeni tu, ifikie inapofunguliwa asubuhi, kabla ya mabasi ya wanafunzi na ya watalii. Malipo tayarisha kwenye simu. Waongoza wageni wenye vitambulisho watakufuata mlangoni. Mmoja mzuri ana thamani, ila patana naye malipo na muda kabla ya hatua ya kwanza.

Wareno waliijenga kuanzia mwaka 1593 hadi 1596, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe. Ukiitazama kwenye picha ya angani ina umbo la mtu aliyelala. UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2011. Wengi hupiga picha na mizinga na kutoka. Mimi huwaomba wageni watafute vitu vitatu. Kimoja ni michoro ya mabaharia wa Kireno, meli na watu waliochorwa ukutani na vijana waliokuwa mbali na kwao. Cha pili ni vitu vilivyookolewa kutoka merikebu ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati wa mazingiwa. Waomani walikuwa wameizingira ngome tangu Machi 1696, na ilianguka Desemba 1698, maradhi yakiwa yamewamaliza waliokuwa ndani kuliko risasi. Cha tatu ni nyumba ya Kiomani juu ya ukuta, yenye upepo ambao utakufanya uelewe kwa nini liwali alikaa pale.

Na jambo moja lisilo na kitu cha kutazama. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa, aliasi akaitwaa ngome hii mwenyewe. Simama uwanjani umfikirie. Baadaye Waingereza waliifanya jela, kuanzia 1895 hadi 1958, na wapo wazee mjini wanaokumbuka jamaa zao waliofungwa humo. Saa mbili zinatosha.

Ukitoka, rudi ndani kwa Ndia Kuu, uangalie maduka ya vinyago na vitu vya kale bila haraka. Saa sita adhuhuri inakaribia, jua limesimama wima, na mpango mzuri unasema acha. Kula wali wa nazi na samaki wa kupaka, urudi chumbani ulale.

Kabla ya kuondoka

Kama una saa mbili za ziada jioni, chukua tuktuk hadi Mama Ngina, upande wa kusini wa kisiwa. Utakaa kwenye ukuta na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, dafu mkononi, utazame meli kubwa zikipita mlango wa Kilindini karibu kiasi cha kuwaona mabaharia. Jumapili jioni mji wote upo pale, wa kila dini na kila kabila, na watoto wao.

Lakini wa treni ya usiku asikae sana. Toka kisiwani muda wa saa tatu kabla ya safari, kwa ajili ya foleni ya Changamwe na ukaguzi wa mizigo kituoni. Viungo vifunge ndani ya leso, halafu ndani ya kopo lenye kifuniko, maana bizari ikimwagika kwenye begi haitoki kamwe.